Kipa wa kawaida tuliyemsajili bure Nchelenge

Wakuu, shikamooni mnaostahili. Wadogo zangu, marahaba, hata kama hamjanisalimia.

Jana nimesoma ule uzi wa usajili mpaka macho yakauma. Mmebishana kurasa kwa kurasa kama klabu ichukue wachezaji huru wa kiwango cha kati. Wengine mnasema ni option nzuri, hawana gharama. Wengine mnasema ni kujaza nafasi tu, bora kijana wa nyumbani apewe muda.

Mmoja akaandika, "Mchukueni tu, hamna cha kupoteza."

Hapo ndipo nilipoweka simu chini nikatoka nje kupunga hewa. Nikarudi, nikaanza kuandika huu uzi. Ninayosimulia yalitokea, nimebadilisha majina tu kwa sababu watoto wa wahusika wengine bado wapo hai.

Ni miaka ya sabini, wakati ng'ambo ya ziwa Mweru bado inaitwa Zaire. Mimi ni mtoto wa mama wa Nchelenge, upande wa Zambia, na baba wa ng'ambo aliyekuja na biashara ya samaki. Tunduma nilihamia baadaye sana, ndiko nilikojifunzia hiki Kiswahili chenu cha kunyoosha. Kule kwetu watu wanaongea Kibemba majumbani, na Kiswahili cha Katanga sokoni.

Tulikuwa na timu ya mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Wachezaji wote ni wavuvi au wachuuzi wa samaki. Uwanja wetu ulikuwa mchanga mtupu, mpira ukidunda unapotea njia.

Mwenyekiti alikuwa Bashi Chola, maana yake baba wa Chola, kule mtu mzima haitwi jina lake kavu. Huyu ndiye mwenye mitumbwi na nyavu nyingi kuliko wote pale. Kocha alikuwa Papa Ilunga, mfanyabiashara wa samaki wa chumvi kutoka ng'ambo, mdogo wake baba yangu. Jezi zilikuwa za Bashi Chola, mpira wa Papa Ilunga, na kelele za kwetu sote.

Mwaka huo kipa wetu namba moja aliugua kifua akaacha mpira. Kipa namba mbili nilikuwa mimi.

Sasa wakuu, nisijisifu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, naruka vizuri, lakini natoka golini kama mbuzi aliyekatika kamba. Mechi mbili za mwanzo nilifungwa magoli ambayo mpaka leo sipendi kuyasimulia.

Kamati ikakaa nyumbani kwa Bashi Chola, na sisi wachezaji tukiwa tumekaa barazani tunasikia kila kitu.

Option zilikuwa tatu.

Ya kwanza ni nyota mmoja wa Pweto, ng'ambo. Huyo alikuwa kipa kwelikweli. Lakini masharti yake! Anataka baiskeli mpya, nyumba ya bati, na kazi ya dukani. Akasema wazi kwamba mtumbwi atapanda siku ya kuvuka kuja na siku ya kuvuka kurudi, basi.

Ya pili ni kuniacha mimi nifungwe mpaka nijifunze.

Ya tatu ni mtu anaitwa Fackson. Alikuwa kipa wa timu ya mgodi mmoja Copperbelt. Enzi zile ukidakia timu ya mgodi unapewa na kazi mgodini. Bei ya shaba ikaanguka, mgodi ukapunguza watu, na kipa ambaye si nyota ndiye wa kwanza kupunguzwa. Hana timu, hana kazi, na nyumba ya mgodi wamemtoa. Alikuwa amekuja kwetu kumtembelea binamu yake mchuuzi.

Papa Ilunga akasema twende na mimi, damu yake. Bashi Chola akakataa. Maneno yake nayakumbuka:

"Nyota atamaliza franga yetu. Mutoto atamaliza roho yetu. Uyu wa katikati atatuvusha mwaka, na haombi kintu."

"Mais tutamulipa na nini?" Papa Ilunga akauliza.

"Na bwato, Papa. Apa ku mayi bote tunabalipaka na bwato."

Mayi ni maji, franga ni pesa, mais ni lakini, na bwato ni mtumbwi. Na ndivyo ilivyokuwa kweli. Timu yetu haikuwa na mshahara. Ukisajiliwa unapewa nafasi kwenye mtumbwi mmojawapo wa mwenyekiti, mnavua, na kwenye samaki unapata fungu lako. Mfumo mzuri tu, hata leo nautetea. Beki wetu wa kulia alijenga nyumba kwa fungu lake.

"Bon," akasema Papa Ilunga. "Basi akamate kasia."

Kikao kikaisha. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hata siku mbili hatukusubiri.

Fackson alipokuja mazoezini nilinuna, sitaki kuficha. Nikakaa pembeni nitazame huyo fundi aliyeninyang'anya namba.

Nikaona mtu wa kawaida kabisa. Mrefu, mikono mirefu, anaelekea miaka thelathini. Haruki ovyo, hapigi kelele. Mpira wa chini anaokota vizuri. Kona zinampa shida kidogo. Penati akidaka moja anakosa nyingine.

Lakini baada ya wiki kadhaa nikaanza kuelewa. Mtu yule alikuwa anasimama pale ambapo mpira unakuja. Mimi nilikuwa naruka kwa sababu nimesimama pabaya. Akanifundisha bila maringo, akanichorea mchangani kwa kidole, usimame hapa, sogea hapa. Tukawa tunatoa sare na timu zilizokuwa zinatufunga. Tukashinda mbili tatu kwa goli moja. Mashabiki hawakumwimba wala kumtukana.

Nilimpenda. Nasema hivyo na uzee wangu huu, nilimpenda kama kaka.

Alikuwa na mke, Bana Chanda, yaani mama wa Chanda, na watoto watatu. Wote walikuwa wamebanana kwa kaka yake Fackson kule Copperbelt, nyumba ya watu, maneno kila siku. Bashi Chola alikuwa amemuahidi kitu kimoja: maliza msimu, nitakupa ile nyumba ndogo nyuma ya soko, ulete familia.

Kwa hiyo Fackson alikuwa anadaka kwa ajili ya nyumba ile. Kila baada ya mazoezi alikuwa anapita nyuma ya soko kuiangalia. Ilikuwa ya tope na nyasi, mlango umepinda. Alishaamua jiko litakaa upande gani.

Sasa tuje kwenye mtumbwi.

Kwa sababu ya ile mikono mirefu walimpa kazi ya kutumpula. Wengi humu hamjui, ngoja nieleze. Nyavu zinazungushwa karibu na matete. Mtu mmoja anasimama, anasimama kabisa wakuu, kwenye mtumbwi, na fimbo ndefu yenye kichwa kizito cha mti. Anapiga maji kwa nguvu, samaki wanashtuka wanakimbilia nyavuni. Ni kazi ya mabega. Bashi Chola alipomwona anafaa akafurahi sana, akasema kipa huyu ni mmoja lakini kazi anafanya mbili.

Wenzake mtumbwini walikuwa Mulenga, anayeshika kasia nyuma, na mdogo wake Mulenga, anayevuta wavu.

Mambo mawili tuliyaona, tukayatafsiri vibaya.

La kwanza, Fackson hakuwa anaoga ziwani. Jioni sisi wote tunajitupa majini, yeye anachota ndoo anaoga nyuma ya nyumba ya binamu yake. Tukamtania, tukamwita mtu wa bomba, kwamba Copperbelt wamemzoesha maji ya kufungulia. Akacheka na sisi.

La pili, mikono. Kamba na fimbo ile vilimchana viganja. Kipa na viganja vilivyopasuka, mtajua wenyewe. Mipira ikaanza kumponyoka. Mashabiki walewale waliokuwa kimya wakapata sauti: "Si tulisema huyu average!"

Siku moja nilimwambia, kaka, mwambie Bashi Chola akuweke nchi kavu. Kuna kazi ya kupima samaki, kuna kazi ya kukausha. Mikono itapona.

Tulikuwa tunaongea Kibemba, nawatafsiria. Akasema:

"Nyota anaomba. Mimi nikiomba mara moja, watakaa chini waanze kukumbuka kwamba mimi ni wa kawaida."

Nilidhani anaongelea mikono tu.

Wakuu, hapa naomba niwaeleze kitu cha watu wa ziwa, la sivyo yanayofuata mtatuona wanyama.

Kwetu kumuuliza mwanaume kama anajua kuogelea ni kama kumuuliza kama anajua kutembea. Ni tusi. Hakuna siku mtu anajifunza, unajikuta tu unajua. Ndiyo maana mtu akidondoka mtumbwini wakati wa kutumpula, watu wanacheka. Inatokea kila wiki. Aliyedondoka anaibuka anatukana, wote mnacheka, anaogelea mwenyewe mpaka mtumbwini. Na kama samaki wameshaingia, hakuna anayeacha wavu kwa ajili ya mtu aliyelowa. Wavu kwanza. Sote tumelelewa hivyo.

Basi ikafika mechi ya mwisho ya msimu. Tunacheza na timu ya Mununga nyumbani. Fackson alikuwa ameshatuma salamu na dereva wa basi, mke wake aanze safari na watoto. Ahadi ilikuwa imeiva.

Kawaida siku ya mechi wachezaji hawaendi ziwani. Lakini asubuhi ile samaki walikuwa wamesogea kwenye matete, wengi mno, na mtumbwi mmoja wa Bashi Chola ulikuwa pungufu ya mtu. Akaja mwenyewe kwa Fackson. Nilikuwepo, tunakunywa chai.

"Asubuhi tu," akamwambia. "Jua likipanda mko hapa. Jioni unadaka, kesho unachukua nyumba yako."

Fackson akamaliza chai yake. Akasema, "Ee mukwai." Ndiyo, mkubwa.

Mimi nikaenda uwanjani kupiga mistari kwa majivu.

Jua likapanda. Lori la Mununga likaingia, wageni wakashuka wakiimba, wakapewa ubwali, ugali wetu, na samaki. Wakaanza kupasha. Papa Ilunga akawa anaangalia upande wa ziwa kila dakika.

Mtumbwi ulipokuja tuliona watu wawili.

Umejaa samaki, umekaa chini mpaka maji yanakaribia kuingia. Mulenga akauegesha, akatoka, akasimama tu pale kwenye maji ya magotini. Mdogo wake alibaki amekaa.

"Fackson iko wapi?" Papa Ilunga akauliza.

Mulenga alikuwa jasiri wa ziwa lile, mtu asiyeogopa mamba. Alijibu anatazama maji.

"Alianguka, Papa. Tulicheka. Alipiga mayi na mikono, tukazani anachezea. Tukavuta wavu kwanza, juu samaki ilikuwa mingi. Tukageuka, hayuko."

"Hamukuruka?"

"Tuliruka. Tulitafuta. Mayi ilikuwa chafu juu ya kutumpula." Kisha akasema kama mtoto, "Papa, kila mutu anajua mayi."

Pale walipokuwa, maji yalimzidi Fackson kimo kidogo sana. Angekuwa na nusu ya ujuzi wa mtoto wetu wa miaka sita angetoka.

Nilikaa kwenye mchanga. Nilikumbuka ile ndoo, na jinsi tulivyokuwa tunacheka.

Sasa sikilizeni hili. Watu wameshaanza kulia, Bashi Chola akageuka akatutazama wachezaji, akasema:

"Batu ba Mununga batoka mbali. Kipa wa pili eko?"

Ni mimi huyo wakuu. Nafasi niliyokuwa naiomba kwa Mungu kila usiku.

Kabla sijafungua mdomo, kapteni wa Mununga akasogea. Mchuuzi, mtu wa makamo, hatukuwa tunapatana naye hata kidogo uwanjani. Akavua jezi yake akaitupa chini.

"Mutu eko mu mayi," akasema, "na weye unaongea mupira?"

Akaenda mtumbwini kwa Mulenga. Akaanza kuwatoa samaki kwa mikono, anawarusha mchangani, ili mtumbwi uwe mwepesi. Wachezaji wake wakamfuata. Na sisi tukafuata. Timu zote mbili tuliingia ziwani na jezi zetu, tukatafuta mpaka giza.

Tulimpata kesho yake asubuhi kwenye matete, upande wa Kafutuma. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Joto lile halisubiri. Tulimzika siku hiyohiyo, mchana.

Bana Chanda alishuka kwenye basi siku iliyofuata. Alikuwa na godoro limefungwa kamba, masufuria kwenye gunia, watoto watatu wamevaa viatu. Aliona tumejipanga kumpokea akadhani ni heshima ya timu. Akatabasamu. Akaanza kutafuta kwa macho mtu mrefu kati yetu.

Papa Ilunga alitakiwa aseme, akashindwa. Binamu yake Fackson ndiye aliyesema.

Ile nyumba nyuma ya soko Bashi Chola alimpa. Matanga yalifanyika humo. Siku zote za msiba yule mama alikaa ameuelekea ukuta.

Mulenga alienda mwenyewe kupiga magoti mbele yake, akamweleza yote. Kicheko, wavu, yote. Hakuna aliyemtuma. Walioambatana naye wanasema yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Hakuna aliyemuuliza? Huyu hata kwenye kivuko cha mto kule kwetu alikuwa anashikwa mkono."

Siku ya kuondoka tulimsindikiza kituoni. Kwetu fungu la marehemu kwenye mavuno yake ya mwisho haliliwi, linakaushwa linapewa familia. Ni heshima kubwa. Bashi Chola alileta kapu zima, samaki wamekauka vizuri, limefunikwa kwa majani. Akaliweka miguuni pake kwa mikono miwili, akapiga makofi taratibu kama inavyotakiwa. Nadhani alikuwa anamaanisha. Macho yake yalikuwa mekundu.

Bana Chanda aliwapandisha watoto kwanza. Akapandisha godoro. Akarudi, akalitazama lile kapu.

"Kuleni nyinyi," akasema. "Nyinyi ndio mliowaokoa samaki."

Akapanda. Basi likaondoka. Kapu likabaki pale barabarani, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinama kulichukua.

Msimu uliofuata nilidaka mimi mwanzo mpaka mwisho. Kikao cha usajili kilikaa tena, maneno yakawa yaleyale, atafutwe wa bei nafuu wa kunisaidia. Papa Ilunga akasimama akatoka nje bila kuaga. Akaacha ukocha siku hiyo.

Wakuu, mimi sipingi kusajili mtu wa kati. Nimewahi kudaka nyuma ya ukuta wa watu wa kati, ndio wanaobeba timu. Fackson alitupa pointi ambazo mimi nisingezipata, na kwa hesabu ya mpira Bashi Chola alikuwa sahihi kabisa.

Ninachopinga ni lile neno "hana gharama". Hakuna mtu asiye na gharama. Kuna mtu ambaye hathubutu kukutajia gharama yake, kwa sababu anajua ukiisikia utamwacha. Nyota atakwambia hapandi mtumbwi. Huyu wa kawaida atamaliza chai yake aende.

Kwa hiyo nyinyi mnaoandika "mchukueni tu", nawaomba mjibu hapa chini kabla ya kunibishia: akija, atalala wapi, na ile siku ambayo hadaki mtakuwa mmempeleka kufanya kazi gani? Na nani kati yenu atakayekaa naye chini amuulize kama anaiweza?

Nasoma comments zote, hata za matusi. Yule aliyeandika "hamna cha kupoteza", wewe nakusubiri zaidi.